Sajini Asiyetajwa

Busia,
6 Februari 1966

Kwako Anjeline,

Salamu nimezitanguliza kwa mdomo wa Ochom mwuza mikate, kwa hiyo karatasi hii nitaitumia kwa mambo mengine.

Jeshi linakuja Busia kuandika vijana. Tangazo limebandikwa ukutani kwa ofisi ya D.O., nami nimelisoma hadi mfagiaji akaniuliza kama nataka kulinunua. Kukimbia na kupimwa kifua kutakuwapo, lakini safari hii kuna jambo jipya, mtihani wa akili. Si kama wa shule. Hawaulizi mito wala milima. Wanakupa vitu uvipange, wanakusikilizisha milio, wanakupa maneno uyabebe, halafu wanaamua wewe ni mtu wa bunduki, wa gari, wa jiko au wa simu ya upepo. Unaingia hujijui, unatoka umeambiwa.

Mimi nimechoka kutojijua. Mwaka wa pili huu niko juu ya lori la Mzee Muzafaru. Nafunga turubai Busia, nafungua Kisumu, nafunga Kisumu, nafungua Busia. Mzee Muzafaru ni mtu mwema na mwanawe Ayub ni rafiki yangu, lakini taniboi ni taniboi. Nikikaa chini naona kama nimekalia siafu. Na mzee wako alisema wazi siku ng'ombe wetu walipofika kwenu, kwamba wale ni wa kufungulia mlango tu, na binti yake hatatoka nyumbani kwenda kwa mtu anayelala juu ya magunia. Akanipa muda mpaka pamba ya mwaka huu iishe kuuzwa. Kila gunia la pamba ninalopakia sasa nalichukia.

Nataka simu ya upepo. Nikiipata, nina mshahara na nina kazi yenye jina, na mzee wako hana la kusema. Nikiikosa sijui nitakuambia nini.

Kwenye bahasha nimeandika "Anjeline, kwa mzee mwenye ghala jipya, Adungosi." Haitapotea.

Wako asiyetulia,
Emojong


Adungosi,
10 Februari 1966

Emojong,

Barua imefika ikinuka mkate, maana Ochom aliiweka kwenye kikapu pamoja na mikate yake ya kuuza. Aliisoma bahasha kwa sauti kisimani, wanawake wakacheka mpaka maji yakamwagika. Unaogopa kuliandika jina la baba hata pale ambapo yeye mwenyewe hatasoma. Najua, mkwe hatajwi. Mama yangu mpaka leo akitaka kumsema babu mzaa baba anasema "yule wa kilimani," na babu alishakufa zamani. Lakini mama anazuia mdomo. Wewe unazuia hata kalamu. Nilicheka na wenzangu, kisha nikafurahi peke yangu.

Jeshi silipendi. Watoto wa watu wanapelekwa kule kaskazini kwenye vita vya Shifta na mama zao hawalali. Labda mwenye simu ya upepo hukaa nyuma kidogo. Kama sivyo, usiniambie.

Nimejiuliza, wangenipima mimi wangesemaje? Nafundisha darasa la kwanza tangu mwalimu wao ahamie Tororo, lakini siitwi mwalimu. Naitwa "yule msichana anayesaidia." Pengine ningepewa jiko. Pengine ningepewa bunduki, na wa kwanza kujificha ungekuwa wewe.

Hapa hakuna jipya. Methuselah, karani wa chama cha pamba, yule aliyefiwa na mke, anakuja kuongea na baba habari za mizani. Anaongea sana habari za mizani. Wewe fanya mazoezi.

Anjeline Okedi
(Nimeliandika lote uone kwamba haliumi.)


Busia,
17 Februari 1966

Anjeline,

Mizani gani hiyo isiyokwisha? Ghala la mzee wako ni moja, pamba ni ile ile, na karani ana ofisi yake. Akitaka kupima aende akapime huko. Nisamehe, nimeanza vibaya, lakini sifuti.

Ayub ananifanyisha mazoezi kila lori likitulia. Anagonga debe kwa kijiko, ti-ti-taa, kisha tena, nami namwambia kama milio ni sawa au si sawa. Hapo hanipati. Halafu ananipa ujumbe mrefu wa kipuuzi, naukimbiza mpaka kwenye duka la Zulaika mwuza vitenge na kurudi, kisha nautoa bila kudondosha neno. Jana ulikuwa "Mwambie Edris punda wake amekula kofia ya forodha." Zulaika aliusikia, akadhani ni kweli, akaenda kumpa Edris pole. Sasa soko zima linamdai yule punda kofia.

Ayub naye atafanya mtihani, ingawa baba yake anamtaka dukani. Anasema anataka kujua tu. Ndivyo tunavyosema wote hapa, tunataka kujua tu, lakini ukitutazama tunatembea bila kwenda mahali. Vijana wanakunywa chai wamesimama.

Mtihani ni Jumanne, tarehe mosi Machi. Jumapili itakayofuata nitakuja Adungosi, nipite njia ya nyuma kama adabu inavyotaka, nikae chini mbali na mlango, nimwache kaka yangu Odeke amweleze mzee wako kwamba kijana ana kazi. Hiyo ndiyo picha ninayoibeba.

Emojong


Adungosi,
27 Februari 1966

Emojong,

Nyumbani wote wazima. Baba mzima. Ng'ombe wazima.

Nenda Jumanne na moyo mmoja. Usije hapa Jumapili mpaka nikuandikie, kuna kazi nyingi. Usiniulize kazi gani. Kaka yako Odeke nimemwona jana, anakusalimu. Naye ana kazi nyingi.

Ukifika mbele ya hao watu usikumbuke mtu yeyote wa huku. Kumbuka wanachokuambia tu.

Anjeline


Busia,
2 Machi 1966

Anjeline,

Mtihani tumefanya. Matokeo bado, mambo ya serikali unayajua. Jua lilikuwa kali na kulikuwa na vijana wengi. Mbio nilikimbia vizuri. Kufuli walilolifungua vipande nililipanga likafunga. Milio yote niliipata.

Mengine yalikuwa ya kawaida.

Mzee wako hajambo? Nimeuliza tu.

Emojong


Busia,
4 Machi 1966

Kwako dada Anjeline,

Assalaam aleikum. Hatujawahi kuandikiana, mimi ni Ayub wa Muzafaru, yule mwenye debe na kijiko. Huyu mchumba wako hajui kwamba nimeshika kalamu, na akijua atanitupa kutoka juu ya lori. Lakini nimemwona siku ya tatu leo hali chakula, nimeona heri nitupwe.

Alikwambia matokeo bado? Matokeo yapo. Ameangushwa, na sababu yake ni baba yako.

Sikiliza. Sehemu ya mwisho ilikuwa ya kubeba ujumbe. Koplo anakusomea mara moja kwenye hema la huku, unakimbia kuvuka uwanja, unampa kapteni kwenye hema la kule neno kwa neno. Zamani ujumbe ulikuwa na sajini wa Kizungu, jina gumu, vijana wakawa wanamwita kila mtu na lake. Koplo akawaonea huruma. Asubuhi ile akatazama huku na huku atafute jina la watu wa hapa, na lori la baba lilikuwa limesimama kando ya uwanja likiwa na pamba. Akasoma jina la mwenye mzigo kwenye gunia. Basi ujumbe ukawa hivi: "Sajini Okedi anataka mapipa manane ya mafuta yafike darajani kabla ya saa kumi. Lori la pili lingoje mvua ipungue."

Nilikuwa wa pili nyuma yake, niliona yote. Alikimbia kama swala. Akafika mbele ya kapteni, akasimama sawasawa, akasema, "Sajini." Akanyamaza. Kisha akasema, "Sajini mmoja, mtu mzima wa kuheshimiwa, anataka mapipa manane ya mafuta yafike darajani kabla ya saa kumi. Lori la pili lingoje mvua ipungue."

Kapteni akamwuliza, "Sajini nani?"

"Huyo huyo mwenye mapipa, bwana."

Watu wakaanza kucheka. Kapteni si mtu mbaya, akamrudisha kwa koplo asomewe tena. Akarudi mbio na yale yale. Mara ya tatu jasho linamtoka kila mahali, kapteni akamwambia, "Kijana, umesahau jina?" Naye akajibu, "Sijasahau, bwana. Ninalo. Halitoki." Koplo akaandika kwamba kumbukumbu zake ni dhaifu. Kumbukumbu za Emojong! Mtu anayejua mzigo wa kila lori lililopita hapa tangu uhuru.

Nilimwuliza kwa nini hakueleza. Akasema angeelezaje bila kusema ni mkwe wa nani? Sisi kwetu baba mkwe tunamwita baba fulani kwa heshima, lakini tukibanwa na serikali tunataja, Mungu anasamehe.

Sasa sikia neno la maana. Kwa ile milio, hakuna aliyempita siku nzima. Kapteni hakupenda kumwacha, akasema wakifika Malaba Alhamisi tarehe kumi, kule uwanjani karibu na stesheni, aje arudie ujumbe, mara moja tu. Ujumbe ni ule ule, koplo hajabadilisha. Emojong anasema hatakwenda, kwa kuwa Alhamisi jina litakuwa ni lile lile na yeye ni yule yule. Wewe ndiye mwenye baba. Mwambie.

Mimi pia walinipima. Walisema ninafaa ukarani wa stoo. Nilikimbia duka la baba nikaingia jeshini, jeshi likanionyesha mlango wa duka.

Nduguyo,
Ayub


Adungosi,
6 Machi 1966

Emojong,

Ayub ameniandikia. Usimtupe, yeye ndiye mtu pekee kati yetu aliyesema ukweli mwezi huu.

Sasa na mimi niuseme. Ng'ombe wenu baba aliwarudisha Jumamosi, tarehe ishirini na sita Februari. Odeke aliwapokea kwenu Amukura. Methuselah alishasema atatoa wake, na baba alichoka kungoja pamba iishe. Mimi nilimkimbilia Odeke njiani, nikamwomba asikupelekee habari mpaka mtihani upite. Nilitaka uingie mle na moyo mmoja. Ndiyo sababu nilikuandikia ng'ombe wazima. Walikuwa wazima kweli, ila walikuwa kwenu.

Kwa hiyo Jumanne ile, wakati unatokwa na jasho mbele ya kapteni, hukuwa mkwe wa mtu. Ulikuwa unamlinda mtu aliyekwisha kukufukuza. Kama ningekuandikia, ungelia usiku mmoja, asubuhi ungemtaja ukapita. Nimekuponza mimi, kwa wema wangu. Nimelia mpaka nikachoka, sasa nimebaki na hasira. Nina hasira na baba, na Methuselah na mizani yake, na wewe pia. Unaweza kubeba maneno yote ya serikali kuvuka uwanja, ukashindwa kuniandikia mimi neno moja, "Nimeanguka."

Nimemsomea baba barua ya Ayub tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilitaka imchome. Alikuwa anatengeneza mpini wa jembe, hakuinua kichwa. Alipoona nimemaliza aliuliza kama maharagwe yameiva.

Nenda Malaba. Simama mbele ya kapteni umtaje. Mtaje kwa sauti, herufi zote. Yeye si kitu chako tena, na mimi nakuomba ufanye hivyo ingawa najua maana yake. Ukilitaja hutaweza kusema tena kwamba ulikuwa mchumba wangu. Bora upate kazi kuliko tukose vyote viwili.

Methuselah simtaki. Hilo nimemwambia baba pia, nikamwambia na Methuselah mwenyewe, akanijibu kwamba nina homa. Lakini kumkataa Methuselah hakukurudishi wewe. Usiwe na moyo wa kungoja.

Anjeline


Malaba,
10 Machi 1966

Anjeline,

Nimelitaja.

Nakuandikia nimekaa kwenye mabehewa matupu, mbele yangu wanapanga treni ya kwenda Tororo, inasukumwa mbele, inarudishwa nyuma, haiondoki. Siwezi kukaa na siwezi kuondoka. Acha niseme yote kabla Ochom hajachoka kunisubiri.

Barua yako ilinikuta Jumatatu. Niliisoma, nikaenda kupakia magunia, nikayapakia vibaya, Mzee Muzafaru akaniambia nishuke nikalale. Sikulala. Nilikuwa na hasira nawe kubwa, Anjeline. Nilijiona nimesimama uwanjani mbele ya watu wanaocheka, nikiwa nimefunga mdomo kwa ajili ya mlango uliokwisha fungwa. Ungeniambia. Hata kama ningevunjika, ningevunjika kwa kujua. Halafu nikakumbuka kwamba nami nilikuandikia matokeo bado, nikaona hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Leo koplo alinisomea. Ujumbe ule ule, mapipa yale yale. Nilivuka uwanja polepole, nikasimama. Watu wa Malaba walikuwa wamejaa kando, maana hadithi yangu ilinitangulia, walikuja kumwona kijana asiyeweza kutaja sajini. Kapteni akaniambia, "Haya, sema."

Nikasema, "Sajini Okedi anataka mapipa manane ya mafuta yafike darajani kabla ya saa kumi. Lori la pili lingoje mvua ipungue."

Nililisema kwa sauti ya kufika stesheni, kwa sababu nilijua nikilisema kwa sauti ndogo litanirudia kooni. Watu wakapiga makofi. Kapteni akaandika, akanipa mkono, akasema, "Simu ya upepo." Ndilo neno nililolitaka tangu Februari, na lilipokuja nikawa nasikia miguu tu, inataka kukimbia.

Ndipo nikamwona. Kando ya watu, kwenye seng'enge, mzee wako, ameshika baiskeli yake, suruali ameifunga kwa kamba, vumbi la Adungosi liko mpaka kwenye nyusi. Sijui alikuja kufanya nini. Alikuwa ananitazama mimi. Alisikia. Kila mtu alisikia. Tulitazamana namna ambayo mkwe na mkwe hawatazamani, na hapo nikajua kweli kwamba imekwisha, maana sikuinamisha macho. Yeye ndiye aliyegeuka. Alipanda baiskeli akaenda bila kumsalimu mtu.

Jumatatu lori linatupeleka Nakuru. Mwambie mama yako namheshimu. Wewe sijui nikuambie nini. Nilikupenda kwa adabu zote nilizofundishwa, na leo nimetaja jina la baba yako kama la mtu wa sokoni. Nimefaulu. Sijawahi kufaulu kitu kikaniuma hivi.

Emojong


Adungosi,
12 Machi 1966

Emojong,

Nimempa Ochom barua hii na nimemwambia asiuze hata mkate mmoja kabla hajakupata. Usipande lori la Jumatatu bila kuisoma.

Alhamisi asubuhi baba aliondoka na baiskeli, akasema anakwenda kutafuta spoku. Alirudi jua limeinama, hana spoku. Hakula. Jana hakula pia, na hakusema na mtu. Nilidhani anaumwa, mama akaniambia nimwache, mwanamume akinyamaza namna hiyo ana kitu anakitafuna.

Leo wazee walikuja kunywa pombe, wakakaa kuzunguka chungu na mirija yao. Habari zote walikuwa nazo. Mmoja akaanza kumtania baba kwamba sasa ni sajini, ana mapipa manane, awape lifti. Wakacheka. Mwingine akasema kijana wa Amukura alikataa mara tatu mbele ya bunduki za serikali, na kwamba siku hizi vijana wa namna hiyo hawazaliwi, na mtu aliyewarudisha ng'ombe wa kijana kama huyo labda ndiye wa kupimwa akili. Hapo hakuna aliyecheka. Methuselah alikuwapo. Akasema, "Lakini mwisho si alitaja?"

Baba akatoa mrija mdomoni. Akasema, "Alitaja. Nilikuwapo, nilisikia kwa masikio yangu. Alinitaja mbele ya Malaba nzima, tena kwa kelele. Kwa hiyo kijana yule ana deni langu la mbuzi. Odeke amlete kabla ya Jumapili ijayo, jike, asiye na kilema."

Mimi nilikuwa naongeza maji ya moto kwenye chungu, mengine nikayamwaga nje. Wewe unajua na mimi najua, mbuzi wa jina hatozwi mtu wa barabarani. Mtu wa barabarani akikutaja amekuita tu, unaitika. Mbuzi anatozwa mkwe peke yake, aliyevunja adabu na anayetakiwa kuirudisha.

Methuselah, mtu wa hesabu, alielewa kabla ya wengine. Akasema kwa upole, "Mzee, faini hiyo ni ya mkwe."

Baba akarudisha mrija, akanywa, akasema, "Kwani mimi sijui?"

Methuselah ameondoka akiwa ameacha kofia. Mama anaimba jikoni, wimbo wa kanisani, lakini anauimba haraka. Odeke nimemtumia habari. Ng'ombe watarudi wakati wao, baba hawezi kusema mambo mawili makubwa kwa siku moja.

Basi baba ameshasema lake, na wewe ulisema lako uwanjani. Mlinifunga na kunifungua, mkanirudisha na kunichukua tena, na mimi nimekaa katikati nikiongeza maji. Wewe hujaniuliza hata siku moja, wala yeye. Nenda Nakuru, ujifunze hiyo simu yako, na barua yako ya kwanza kutoka huko uniulize. Andika swali lenyewe, usizunguke.

Jibu ninalo tayari.

Anjeline